Nyumba Kavu Inauzwa

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamua. Nyumba inauzwa. Kibao nimekiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: NYUMBA KAVU INAUZWA. Nimekipigilia getini na kusimama ng'ambo ya barabara kukitazama. Kinavutia.

Mke wangu alikisoma, akauliza neno "kavu" linafanya nini pale. Nikamwambia mnunuzi hupenda kujua. Akasema hajawahi kuona mtu akiandika "nyumba yenye paa inauzwa". Anashona mapazia vizuri sana huyu mwanamke, lakini biashara haijui.

Hali halisi, kwa macho yangu tu. Nyumba iko bondeni. Niliinunua wakati wa kiangazi. Mwenye nyumba wa awali alikuwa na haraka ya kuuza, nami haraka yake nikaihesabu kuwa bahati yangu. Kilichonimaliza ni stoo. Iko chini ya jiko, imechimbwa ardhini, unashuka kwa ngazi za saruji. Nikajiona tayari nikiipangisha kwa wafanyabiashara. Sasa stoo ina maji yanayofika kwenye vifundo vya miguu. Hayatoki darini. Hayatoki bombani. Yanapanda tu kutoka ardhini, polepole, kama mgeni asiyebisha hodi. Ukuta wa sebuleni umeota chumvi nyeupe mpaka usawa wa goti. Vigae nimevibandika mwenyewe (nauza vigae, navijua vigae), navyo vinabanduka kimoja kimoja. Ukikikanyaga kinatema maji.

Mke wangu naye ametoa kauli. Mama yake anakuja Ijumaa kukaa nasi. Kifua chake kibovu, na daktari amesema asilale kabisa penye unyevu. Kama nyumba haijakauka wala haijauzwa, yeye na mama yake wanahamia kwa kaka yake, ghorofani, juu ya duka la dawa. Hakupaza sauti. Angepaza sauti nisingeogopa.

Nikauliza, je, mimi? Akasema ghorofani nafasi yangu ipo. Nafasi ya mipango yangu ndiyo haipo.

Jumanne, 4 Machi

Kamanda ameona kibao.

Kamanda ni jirani wa nyuma. Mstaafu wa zimamoto, amefiwa na mke, mrefu, huvaa buti hata akienda kununua mkate. Nyumba yake na yangu ni mapacha: fundi mmoja, ramani moja, stoo ileile chini ya jiko. Zimepeana mgongo, katikati ukuta wa ua. Leo naye ametundika kibao chake. NYUMBA KAVU SANA INAUZWA. "Sana"! Na herufi zake ni kubwa kuliko zangu.

Nimeongeza KABISA kwenye changu. Nafasi haikutosha, herufi mbili za mwisho zimepanda kwenye nguzo ya geti. Zinasomeka ukiinamisha kichwa.

Mpango wa leo: pampu. Yupo fundi anayekodisha pampu ya kunyonya maji, wenyewe tunamwita Fundi Pampu. Nimepatana naye aje kila asubuhi, saa ambayo Kamanda huenda kukimbia. Swali likawa, maji tuyamwage wapi. Barabarani haifai, watu wataona. Uani kwangu yatarudi, sayansi ndogo hiyo naijua. Nikaamua mpira wa pampu upite juu ya ukuta, umwage kwenye mchicha wa Kamanda. Mchicha unahitaji maji. Hakuna aliyeumizwa.

Fundi Pampu alipotandaza mpira akacheka peke yake. Nikamuuliza kinachomchekesha. Akasema hamna kitu bosi, amekumbuka kazi yake ya mchana.

Stoo ikakauka. Nikashuka kwa soksi! Nikaenda kazini nikipiga mluzi.

Jioni nikarudi. Maji yako palepale. Tena nyuma ya jiko ardhi imelowa chapachapa, viatu vinazama. Mke wangu akaniambia mchana pampu ilikuwa kwa Kamanda, na mpira ulikuja juu ya ukuta ukamwaga kwetu mpaka mtu akachoka. Nikaenda kwa Kamanda kuuliza, kwa adabu. Akaniita kijana. Akasema alikuwa anamwagilia bustani, labda maji kidogo yalivuka mpaka, nimsamehe.

Nimerudi nikiwaza. Mtu anamwagilia bustani mpaka maji yanaruka ukuta! Kumbe ana kisima. Kisima kizuri uani, stoo kavu chini, na bado ananinyanyasa kwa neno "sana". Wivu ulinipanda, siwezi kusema vingine.

Mke wangu akasema: wewe unammwagia asubuhi, yeye anakumwagia mchana, maji ni yaleyale, yanatembeleana. Nikamjibu kwamba maji hayana akili ya kujua njia ya kurudi. Akanitazama kidogo, kisha akarudi kwenye cherehani.

Alhamisi, 6 Machi

Ukuta. Ukuta ndio unaonisaliti, maana mnunuzi hashuki stoo kabla ya kupita sebuleni.

Kule dukani tuna makopo ya rangi yaliyokaa miaka bila mteja. Rangi ya bwawa la kuogelea. Mwenye duka kaniambia nichukue tu, ananiondolea takataka. Nikafikiri kama msomi: kama rangi hii inazuia maji yasitoke nje ya bwawa, itashindwaje kuyazuia yasiingie ndani ya sebule? Ni kitu kilekile, kimegeuzwa. Nashangaa dunia nzima haijaliona hili.

Tatizo dogo: ipo ya buluu tu.

Nimepaka sebule yote kutoka sakafuni mpaka usawa wa goti. Jioni mke wangu alitoka chumba cha ushonaji, akasimama katikati ya sebule, akazunguka polepole. Akasema sasa angalau wageni wataona maji yataishia wapi.

Alikuwa amekuja kunionyesha kitambaa. Jora zima la mteja, la pazia la harusini, limepata madoa ya kijivu kwa kuegemea ukuta. Nikamwambia madoa yale yamejipanga vizuri, mtu anaweza kudhani ni maua. Amelikunja jora na kulibeba mikononi kama mtoto mgonjwa, akaliweka juu ya kabati. Nilijisikia vibaya. Nilijisikia vibaya kwa muda mrefu kiasi.

Ijumaa, 7 Machi

Rangi imevimba. Malengelenge ukuta mzima, mengine ukubwa wa sahani. Nilibonyeza moja kwa kidole. Likapasuka na kunirushia maji usoni. Sijabonyeza jingine.

Mama mkwe amefika. Mizigo midogo, macho makubwa. Nilimpokea kwa heshima zote, nikamshika mkono kumwingiza. Alisimama mlangoni akavuta pumzi mara moja, akasema nyumba inanukia kama ndani ya mtungi. Nikamshukuru. Kisha akauwekea ukuta kiganja, kama anayepima homa. Kiganja kikatoka buluu. Akatafuta pa kujifuta, akanifuta mimi kifuani, kwenye shati jeupe, polepole, kidole baada ya kidole.

"Baba," akaniuliza, "hii nyumba umeipata, au imekupata?"

Nikacheka sana. Yeye hakucheka. Halafu akaanza kukohoa.

Habari njema! Mwanamke mmoja amepiga simu kuhusu kibao. Anatafuta nyumba ya kuishi uzeeni, alikuwa na mabasi, sasa ameyauza. Anakuja kesho asubuhi. Ameuliza kama "kavu kabi" ni aina ya nyumba. Nimemweleza.

Habari mbaya: atapita na kwa Kamanda, maana ameona vibao vyote viwili.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika kwa utulivu.

Asubuhi na mapema Fundi Pampu alikuja, akanyonya, stoo ikabaki kavu. Nikafagia. Nikaweka mkeka, kiti na kitabu kikiwa wazi, ionekane mtu huwa anashuka kusoma. Nikapuliza manukato. Mama mkwe nilimwomba, kwa heshima, kama anaweza kukohoa kwa ndani. Mke wangu alisikia. Hayo nayaacha.

Mama Mabasi akafika. Mwanamke mzito, mpole, hana haraka. Jambo la kwanza alivua viatu. Nikamwambia haina haja. Akasema yeye hukagua nyumba kwa nyayo. Akatembea sebuleni peku, kigae baada ya kigae, amefumba macho. Kigae kimoja kikamtemea. Nikasema tumetoka kupiga deki. Alifika kwenye ukuta, akasema hajawahi kuona buluu ikipakwa hivi. Nikamwambia ndiyo mtindo wa sasa.

Tukashuka stoo. Akapenda mkeka! Akauliza kitabu kinahusu nini. Nilikuwa namjibu ndipo nikasikia mashine ikinguruma ng'ambo ya ukuta. Pampu. Pampu yangu! Fundi alikuwa amevuka kwa Kamanda kumwandalia bustani kabla ya mgeni. Na bustani ya Kamanda, kama kawaida, ikawa inavuka mpaka.

Maji hayakuingia kwa kishindo. Yalianzia kwenye kona, chini ya ngazi, mstari mwembamba. Nikasimama mbele yake. Yakatokea kona nyingine. Siwezi kusimama kona mbili. Mama Mabasi alikuwa anatazama mkeka ukibadilika rangi kuanzia pembeni kwenda katikati. Akapanda ngazi moja. Nikaendelea kumweleza habari za ubaridi mzuri wa stoo. Akapanda ngazi nyingine. Kiti kikasogea chenyewe.

Hapo chura akalia. Alikuwa nyuma ya ndoo, sijui tangu lini. Nikasema ni simu yangu. Mama Mabasi akaniambia basi nipokee, huenda ni jambo muhimu. Nikapokea. Nikaweka simu sikioni nikasema haloo. Chura akalia tena.

Aliaga vizuri, nashukuru. Akavaa viatu getini. Akaenda kwa Kamanda.

Sasa hili ndilo linaloniuma. Nilipanda juu ya pipa nikachungulia. Alikaa kwa Kamanda kitambo. Alipotoka alikuwa anacheka, anacheka mpaka anashika ubavu, na Kamanda amempa mkono, ameunyoosha kama yuko kwenye gwaride. Watu hawacheki hivyo kwenye nyumba yenye maji. Ameinunua. Kamanda ameuza!

Jumapili, 9 Machi

Hajauza. Mama Mabasi amepiga simu, ila sikuwepo karibu, akaongea na mke wangu.

Ujumbe wake huu hapa. Nyumba zetu zote mbili amezipenda, mtaa mtulivu, vyumba vikubwa. Lakini maji yako chini ya zote mbili, na hayafukuzwi kwa pampu. Tuchimbe mfereji mmoja, mrefu, kandokando ya ukuta wa ua, uteremke mpaka mtoni. Ndani uwekwe mabomba yenye matundu na kokoto juu yake. Maji yatapata njia yao, yataacha kupanda. Tukimaliza tumwite. Atanunua mojawapo, yoyote ile.

Mke wangu alikuwa akinieleza huku ameshika mkono wangu. Ana furaha. Sijamwona hivi tangu tuhamie. Mama mkwe naye akatikisa kichwa kuafiki, akiwa amejifunga blanketi, kwa sababu kukohoa kumemchosha asiweze kuongea.

Nikawaeleza taratibu kwamba huu ni ujanja wa mnunuzi. Anataka tuchimbe sisi, afaidi yeye. Pili, na hili ndilo kubwa: mfereji unapita mpakani, kwa hiyo lazima Kamanda akubali. Nikimwambia Kamanda tuchimbe mfereji, atajua stoo yangu ina maji. Mtu wa kisima kizuri kama yule, na kibao chake cha "sana"!

Mke wangu akasema Mama Mabasi amesema zote mbili. Nyumba zote mbili zina maji. Nikamwambia hicho ndicho wanunuzi husema ili bei ishuke.

Ameuachia mkono wangu.

Jumanne, 11 Machi

Kamanda leo alitokeza kichwa juu ya ukuta nikiwa naanika mkeka. Tukazungumza. Akauliza kama mkeka umelowa. Nikasema nimeufua. Akasema mikeka ikifuliwa hudumu. Nikamuuliza bustani inaendeleaje. Akasema haijambo.

Nikakung'uta mkeka kiume.

Halafu akaanza kuisifia nyumba yangu! Akasema siku zote ameipenda ilivyotazama mashariki. Nikamwambia hata mimi yake huwa naitazama, ule ukumbi wa nyuma. Akasema stoo yangu anasikia ni kavu. Nikasema kavu kabisa. Yake je? Kavu sana. Akajikuna kidevu. Akasema anashangaa kwa nini watu wauze kwa wageni wakati majirani wanaweza tu kubadilishana.

Nilihisi joto kupanda mpaka masikioni. Kubadilishana! Huyu mzee hajui anachosema. Anataka kunipa nyumba ya kisima na stoo kavu, achukue dimbwi langu kwa ajili ya jua la asubuhi. Nilijizuia kukenua. Nikasema nitafikiri, kwa sauti ya mtu asiye na shida.

Lakini mimi si mjinga. Nimedai kukagua kwanza. Akasema nami nikaguliwe. Haki bin haki. Amenikaribisha mchana, mimi nimemkaribisha kesho asubuhi.

Mchana nikaenda. Nimeshuka stoo yake. Kavu! Nimepapasa sakafu kwa viganja vyote viwili. Kavu, imefagiwa, kuna mkeka, kiti na kitabu. Mtu mwenye stoo ya kusomea ya kweli! Fundi Pampu alikuwa uani anazungusha mpira wake, eti amekuja kusalimia. Alinitazama nikitoka, akainamia viatu vyake, mabega yanatikisika. Nadhani ana homa.

Jumatano, 12 Machi

Imekamilika!

Asubuhi pampu, kisha Kamanda akaja na buti zake. Akashuka, akapiga sakafu kwa kisigino, akapanda akiwa ametosheka. Maskini. Karibu nimhurumie.

Tumepeana funguo getini, Fundi Pampu akiwa shahidi. Tukamwomba aseme neno. Akasema yeye ni mtu wa kazi tu, lakini kwa upande wake anaona hakuna kitakachoharibika. Vibao tumevishusha.

Nilitaka kila kitu kiwe tayari mke wangu akirudi. Alikuwa amempeleka mama yake kliniki. Nikawaita wabebaji, Kamanda naye akaita wake. Tatizo ni kwamba kichochoro cha kuunganisha nyumba hizi ni kimoja na chembamba. Vitanda vyangu vikiwa vinakwenda, makabati ya Kamanda yanakuja. Vikakutana katikati. Wabebaji wakaanza kuulizana nani arudi nyuma. Hakuna aliyerudi. Wakaviweka chini, wakakaa juu yake.

Hivyo ndivyo mke wangu alivyotukuta. Kitanda cha mama yake kiko kichochoroni, mbebaji amekilalia. Akauliza kuna nini. Nikamweleza yote, nikimalizia na stoo kavu, nikimsubiri aruke kwa furaha.

Hakuruka. Aliuliza tu nilikagua saa ngapi. Nikasema mchana. Akauliza Kamanda alikagua saa ngapi. Nikasema asubuhi. Akamwangalia Fundi Pampu. Fundi Pampu akakumbuka ana dharura. Sijawahi kumwona mtu akibeba pampu mbio.

Mama mkwe alikaa kwenye kitanda chake palepale kichochoroni, akanipa pole. Si mke wangu, mimi. "Pole, mwanangu." Nikamwambia pole ya nini, hii ni siku ya hongera.

Jioni wamekwenda kwa kaka yake. Mke wangu alisema ni kwa sababu ya kifua cha mama, hawezi kusubiri tena. Lakini cherehani ameiacha. Akasema atakuja kuichukua au atarudi kushonea hukuhuku, inategemea. Sikuuliza inategemea nini. Nilijua atarudi akiona sakafu.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua ilianza jana, kubwa.

Stoo ina maji. Hii mpya. Yanafika vifundoni.

Nimetafakari kwa makini na nimepata jibu. Ni maji ya kisima. Kisima cha Kamanda kimefurika. Nimekitafuta kisima uani kote ili nikifunike. Sijakiona. Amekificha vizuri mno.

Alipotokeza kichwa juu ya ukuta nilimuuliza nyumba ameionaje. Akasema nzuri, kavu. Suruali yake ilikuwa imekunjwa mpaka magotini. Akaniuliza mimi je. Nikasema kavu, nikificha miguu nyuma ya ndoo. Tukatazamana. Yule mzee ana kitu ananificha.

Usingizi haukuja. Nyumba kubwa bila mtu. Nilizoea cherehani ikinguruma chumba cha pili, hata sikujua kuwa nimeizoea. Namkosa mke wangu. Hata kile kikohozi nakikosa.

Fundi Pampu amepandisha bei, msimu umeanza. Anauliza aanzie upande gani.

Jumapili, 16 Machi

Mke wangu alikuja leo, amevaa vizuri, amebeba mwavuli. Nilijua amekuja kurudi. Nikamwekea kiti penye sakafu ngumu.

Hakukaa. Alinishika mkono akanipeleka mpaka kwenye ukuta wa ua, akamwita Kamanda, "Shikamoo mzee, njoo kidogo tafadhali." Kamanda akatokeza kichwa. Mke wangu akasimama katikati yetu, mvua ya manyunyu, akaongea. Nayaandika alivyosema.

Amepata mafundi wa kuchimba mfereji. Wametoka kupima njia yote mpaka mtoni, inateremka vizuri. Gharama ataanza nayo yeye kwa kazi yake ya mapazia, sisi tutachangia tukiuza. Mama Mabasi bado anasubiri. Mafundi wako tayari kuanza kesho. Wanachotaka ni kitu kimoja tu: kwa kuwa mfereji unakata viwanja vyote viwili, kila mwenye nyumba aseme mbele ya mwenzake kwamba nyumba ina maji, na kwamba anakubali mfereji uchimbwe.

Ni hilo tu. Tuseme, kisha arudi nyumbani. Mama yake ana nafuu kule ghorofani, lakini yeye hana raha. Alisema hivyo mbele ya Kamanda, bila aibu. Alisema amechoka kulala kwa kaka yake kama mgeni wakati ana mume.

Akamtazama Kamanda. Kamanda akasema nyumba aliyonipa haikuwahi kuwa na maji. Kavu sana.

Akanigeukia mimi. "Baba, sema wewe basi. Wewe ukisema, na yeye atasema."

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo. Neno lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Lakini Kamanda alikuwa ananitazama juu ya ukuta, kidevu juu, ananisubiri nianze mimi. Nikianza mimi, maana yake nilimpa nyumba mbovu, na yeye ndiye aliyeonewa. Mtaa mzima utasema Kamanda wa watu alitapeliwa. Na yeye atanyamaza na kisima chake!

Nikasema niliyompa ni kavu kabisa.

Manyunyu yakaendelea. Tukasimama hivyo, watu watatu. Mke wangu alimsubiri kila mmoja wetu kwa zamu, kisha akafunga mwavuli ingawa mvua ilikuwa haijakatika. Akaingia ndani. Akatoka na cherehani kichwani, akaishika kwa mkono mmoja, akapita kati ya madimbwi bila kuangalia chini. Nilimwita. Nilimwita tena kwa jina lake, jambo nisilolifanya mara nyingi. Hakugeuka. Geti likajifunga.

Naandika haya nikiwa juu ya meza, miguu kwenye kiti. Moyo unaniuma, unaniuma kweli, sijui usiku utapitaje.

Lakini lazima niliandike na hili, lisipotee. Baada ya geti kujifunga, mimi na Kamanda tulibaki tukitazamana, hakuna aliyesogea, maji yakitutiririka usoni. Kamanda ndiye aliyepepesa macho kwanza.